Figma kwa mwanafunzi wa usanifu wa mwingiliano: inapokubeba na inapokuacha

Mwanafunzi wa usanifu wa mwingiliano mara nyingi huambiwa afungue akaunti ya Figma, programu ya kuchora na kuunganisha skrini za apu, kabla hajaelewa neno "mwingiliano" lina maana gani. Wiki mbili baadaye ana skrini kumi na mbili zinazong'aa, rangi zimepangika, ikoni zimekaa sawa, na hakuna hata moja inayojibu swali la msingi: mtu akibonyeza "Tuma" na mtandao ukaanza kusuasua, ataona nini?

Tathmini hii inaipima Figma kwa swali hilo. Kuchora skrini inaweza, tena vizuri sana. Lakini usanifu wa mwingiliano unaishi katikati ya skrini na skrini: kusubiri, kukosea, kurudi nyuma, kubonyeza mara mbili kwa wasiwasi. Chombo cha kujifunzia somo hili kinapaswa kukuruhusu kuyajenga hayo upesi, kuyajaribu kwa watu, kisha kuyabomoa bila uchungu. Kwa kigezo hicho, Figma ndiyo bora kuliko vyote ambavyo mwanafunzi anaweza kuvipata bure, kwa sharti moja: isifunguliwe mpaka mtiririko wote uwe umechorwa kwa kalamu kwenye karatasi za A4.

Sharti hilo tunalisisitiza kwa sababu ya namna watu wanavyoitikia kazi yako. Mpe mtu skrini iliyonyooka, yenye vivuli na pembe za mviringo, akuambie kasoro zake: atakusifia rangi. Mpe mchoro wa kalamu wenye mistari iliyopinda, atakuuliza kwa nini hakuna kitufe cha kurudi. Karatasi inampa ruhusa ya kukosoa. Kwa jaribio la karatasi mnahitaji watu watatu: mmoja anazungumza na mshiriki, mmoja ni "kompyuta" anayebadilisha karatasi kila mshiriki anapogusa kitu, wa tatu anaandika. Yule aliye kompyuta haruhusiwi kusema neno. Karatasi ikikosekana kwa sababu hamkuwaza hali hiyo, mmegundua tatizo bila hata kuwasha laptopu.

Unachopata bure, na mahali watu wanapokwama

Figma ilianzishwa mwaka 2012 na Dylan Field na Evan Wallace, waliokuwa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, na ikafunguliwa kwa umma mwaka 2016. Inafanya kazi ndani ya kivinjari. Kwa mwanafunzi mwenye laptopu ya mtumba ya Windows au Linux hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa Sketch, iliyokuwa ikitamba kabla yake, ni ya kompyuta za Mac peke yake.

Kuna mpango wa bure wa kila mtu na kuna mpango wa elimu, ambao nao ni bure kwa wanafunzi na walimu waliothibitishwa. Tofauti yake si ndogo. Mpango wa kawaida huweka ukomo kwenye faili za timu, huhifadhi historia ya matoleo kwa siku 30 tu, na masharti ya kimantiki (kama hivi, nenda huku, vinginevyo nenda kule) kwenye prototaipu, yaani mfano wa apu unaobonyezeka, huyapati. Mpango wa elimu huyafungua. Omba wiki ya kwanza ya muhula, ukitumia barua pepe ya chuo. Kosa la kawaida linakuja baada ya kukubaliwa: mwanafunzi anadhani kazi imekwisha, kumbe akaunti imethibitishwa lakini timu yake bado iko kwenye mpango wa kawaida. Lazima timu yenyewe ipandishwe kwenda mpango wa elimu, kisha faili za zamani zihamishiwe humo. Uthibitisho una muda wake na huhuishwa, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya msimu wa mradi wa mwisho.

Kuhusu mashine: unahitaji mfumo wa biti 64 na kivinjari chenye WebGL, teknolojia inayokiwezesha kutumia kadi ya michoro. Laptopu yenye RAM ya GB 4 itaendesha mradi wa darasani ukifunga vichupo vingine. GB 8 unapumua. Kinachoiua mashine ni picha, si idadi ya skrini. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa na MB 3 kwenye diski kwa sababu imebanwa, ila ikifunguliwa kwenye kumbukumbu kila pikseli hula baiti 4: 4000 × 3000 × 4 ni takribani MB 48. Weka picha kumi za namna hiyo kwenye orodha ya bidhaa, kila moja ikionekana kwa ukubwa wa kidole, utaelewa kwa nini simu ya mshiriki inaganda. Ipunguze picha hadi pikseli 800 kwa 600 kabla ya kuiingiza na itakula chini ya MB 2. Hili ndilo rekebisho lenye faida kubwa kuliko yote kwa mwenye mashine dhaifu, na halichukui dakika tano.

Bando ni habari nyingine. Kila unapofungua faili, kivinjari hupakua programu na yaliyomo, kwa hiyo ukiwa na intaneti ya kupima kwa MB, ifungue mara moja uiache wazi. Mtandao ukikatika faili likiwa wazi unaweza kuendelea kuchora. Mabadiliko hukaa kwenye kompyuta yako na kupanda juu mtandao ukirudi. Usikifunge kichupo, wala usisafishe data za kivinjari wakati huo. Faili ambalo hukulifungua kabla ya kukatika hulipati. Kabla ya kutoka chuoni kwenda mahali pasipo na mtandao, hifadhi nakala ya faili kwenye diski yako kupitia menyu ya faili. Inatoka na kiambishi cha .fig mwishoni mwa jina.

Menyu za Figma hazina Kiswahili, kwa hiyo hapa chini majina ya amri tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Fremu, maneno na vidole

Figma ikifunguka inakupendekezea fremu (mstatili unaobeba vitu vya skrini) za simu za kifahari. Kama watumiaji wako wapo Temeke, Kisumu au Goma, tengeneza fremu yako ya 360 kwa 800. Simu nyingi za bei nafuu zina skrini ya pikseli 720 kwa 1600, na kwa msongamano wa pikseli 320 kwa inchi Android huihesabu skrini hiyo kama dp 360 kwa 800 (dp ni kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli). Ukichora kwenye fremu ya 412 kisha ukajaribia kwenye simu ya 360, vitufe vinabanana, maandishi yanapungua, na utamlaumu mshiriki kwa kosa la fremu.

Sehemu ya kugusa isiwe chini ya 48 kwa 48 kwa Android, au 44 kwa 44 kwa iPhone. Ikoni inaweza kubaki 24. Kinachotakiwa ni fremu inayoizunguka iwe 48, na kiungo cha mbonyezo kitoke kwenye fremu hiyo. Wengi hukiunganisha kwenye ikoni yenyewe. Kwenye kompyuta ncha ya kipanya inalenga vizuri, kwenye simu kidole gumba kinagonga mara tatu bila jibu.

Rangi ya kijivu inapendwa sana na wanaoanza. Maandishi ya #999999 juu ya nyeupe yana uwiano wa utofauti wa takribani 2.85 kwa 1, wakati mwongozo wa ufikivu wa WCAG unataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. #767676 inavuka kidogo tu, 4.54. Na vipimo hivyo ni vya ndani ya nyumba. Mtu anayesoma salio saa saba mchana kituo cha daladala, mwanga wa skrini ukiwa nusu, anahitaji zaidi ya hapo.

Andika Kiswahili tangu fremu ya kwanza. Wanafunzi wengi huchora kwa Kiingereza na kutafsiri usiku wa kuamkia jaribio, ndipo mambo yanaporaruka. "Retry" ni herufi 5. "Jaribu tena" ni 11 ukihesabu nafasi. "Settings" ni 8, "Mipangilio" 10. Kitufe kilichochorwa kwa upana wa kudumu wa 72 kitakata neno au kulivunja mistari miwili. Dawa ipo na ni sehemu nzuri mno ya Figma: chagua maandishi, bonyeza Shift na A, na fremu ya "Auto layout" itazaliwa kuyazunguka. Weka pambizo 16 kushoto na kulia, 12 juu na chini, upana ufuate yaliyomo. Sasa kitufe kinatanuka chenyewe ukibadilisha neno. Kigeuze komponenti, yaani kipande cha asili ambacho nakala zake hukifuata (Ctrl, Alt na K), na skrini zote thelathini zitabadilika ukirekebisha kimoja.

Katikati ya skrini na skrini

Kuunganisha skrini ni kuvuta mshale. Nenda kichupo cha "Prototype", shika duara dogo kwenye ukingo wa kitufe, livute hadi fremu inayofuata. Anayeanza anaelewa hapo hapo, na kwa urahisi huo Figma inastahili sifa zote. Shida ni kwamba mishale ikifika hamsini faili linafanana na bakuli la tambi. Panga fremu kwa safu: njia nzuri iende kushoto kwenda kulia, makosa yashuke chini ya skrini yanapotokea. Kwa kitufe cha kurudi tumia kitendo cha "Back" badala ya mshale wa kurudi kwenye fremu fulani, maana skrini moja inaweza kufikiwa kwa njia mbili, na mshale utamrudisha mtu mahali ambako hakutoka.

"Smart animate" ndiyo inayoleta furaha na ndiyo inayoleta maswali mengi maabara. Inafanya kazi kwa kulinganisha tabaka (vitu vilivyochorwa, kimoja kimoja) za fremu mbili: tabaka lenye jina lilelile, lililo ndani ya mpangilio uleule, husogezwa kutoka lilipokuwa hadi lilipo. Kama kadi ya salio inaitwa "Rectangle 47" kwenye fremu ya kwanza na "Rectangle 51" kwenye ya pili, Figma haijui kwamba ni kitu kimoja. Itaififisha moja na kuiibua nyingine. Vilevile ukiifunga kadi ndani ya kundi upande mmoja na kuiacha huru upande wa pili, jina linalingana lakini ukoo haulingani, na mwendo unavunjika. Kwa hiyo tengeneza fremu ya pili kwa kunakili ya kwanza, kamwe usianze upya, na uyape matabaka majina ya maana: "kadi-salio", "kitufe-tuma". Muda unaowekwa mwanzoni ni milisekunde 300. Kwa kuhama skrini inatosha. Kwa swichi ndogo shusha hadi 150, la sivyo simu itaonekana nzito.

Sasa tuje kwenye kazi inayotenganisha prototaipu na slaidi. Chukua apu ya kutuma pesa. Mshiriki anatakiwa kuandika kiasi, lakini prototaipu ya kawaida ya Figma haipokei maandishi kutoka kwenye kibodi. Wengi huchora skrini yenye "20,000" tayari imejazwa na kumwambia mshiriki ajifanye ameandika. Hapo mmepoteza makosa yenye thamani kuliko yote: sifuri iliyozidi na sifuri iliyopungua.

Kuijenga skrini inayopokea kiasi kwa vigeu, yaani visanduku vinavyotunza thamani inayobadilika, kunawezekana. Vigeu viliingia Figma mwaka 2023. Unda kigeu cha namba, kiite kiasi, thamani ya kuanzia 0, na ukifunge kwenye maandishi ya skrini. Chora vitufe vya tarakimu 0 hadi 9. Kwenye kitufe cha 5 weka kitendo cha "Set variable" na fomula kiasi * 10 + 5, kwenye kitufe cha 0, kiasi * 10 + 0, na kadhalika. Mshiriki akigonga 2, 0, 0, 0, 0, skrini inasoma 2, 20, 200, 2000, 20000, kama kikokotoo. Ni kama nusu saa ya kazi kwa mara ya kwanza.

Kuna mapengo mawili ya kuyajua mapema. Namba haiwekewi mkato wa maelfu: itasomeka 20000, na mtu aliyezoea kuona 20,000 anatua kidogo kuhesabu sifuri. Ukimwona anasita hapo, andika pembeni kwamba huenda ni kosa la chombo, usilipe uzito wa kosa la usanifu wako. Pili, hakuna fomula ya kukata tarakimu ya mwisho, kwa hiyo kitufe cha kufuta kitarudisha kiasi kuwa 0 moja kwa moja. Kiandike "Futa yote", usikichore mshale wa kufuta herufi moja kwa kuwa kitamdanganya mshiriki.

Kwenye "Endelea" weka sharti: kama kiasi ni 20000, nenda skrini ya kuthibitisha inayosomeka "TSh 20,000", vinginevyo nenda skrini ya kuthibitisha inayoonyesha kigeu chenyewe. Bila sharti hilo, aliyeandika 2000 kwa bahati mbaya atathibitishiwa 20,000, na hutajua kama watu husoma skrini ya kuthibitisha au huipita tu.

Namba ya siri hujengwa kwa kigeu cha kuhesabu: kila mguso unaongeza 1, na ikifika 4 skrini inahama. Mpangilio wa vitendo ndani ya kitufe kimoja una maana, maana Figma huvitekeleza kutoka juu kwenda chini. Ukitanguliza sharti kabla ya kuongeza, mguso wa nne hautafanya lolote na skrini itahama kwa mguso wa tano. Mwanafunzi aliyekwama hapo kwa saa mbili kwa kawaida anahitaji kuvuta mstari mmoja tu kuupeleka juu ya mwingine.

Halafu kushindwa. Figma haina bahati nasibu. Haiwezi kuamua yenyewe kwamba safari hii mtandao ukatike. Tengeneza kigeu cha ndiyo au hapana, kiite mtandao. Kwenye pembe ya juu ya skrini ya mwanzo, juu ya alama za betri, weka mstatili wa 48 kwa 48 wenye rangi iliyopunguzwa hadi asilimia 1, na mbonyezo wake ubadilishe mtandao kuwa hapana. Usiufiche kwa alama ya jicho, kwa sababu tabaka lililofichwa haligusiki. Skrini ya kusubiri ipewe "After delay" ya milisekunde 3000 na sharti: mtandao ukiwepo, nenda "Imetumwa", usipokuwepo, nenda "Haijakamilika". Kumbuka "After delay" huwekwa kwenye fremu nzima ya skrini. Ukiitafuta kwenye kitufe au maandishi ndani yake huioni. Mwezeshaji hugusa pembe ile kabla ya kumkabidhi mshiriki simu, na hakuna anayejua.

Kwa nini sekunde 3? Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alieneza vipimo vitatu vinavyotumika hadi leo: hadi sekunde 0.1 mtu huona jibu ni la papo hapo, hadi sekunde 1 mawazo yake hayakatiki, na baada ya sekunde 10 ameshaacha kusubiri. Sekunde 3 zinatosha kumfanya mtu ajiulize. Tazama kidole chake. Kikirudi kwenye kitufe cha "Tuma", maandishi yako ya kusubiri hayajafanya kazi. "Tafadhali subiri" haimwambii chochote kuhusu pesa yake. "Muamala unashughulikiwa. Usitume tena, utapata SMS" inamwambia.

Kwa haya yote Figma inapata alama nzuri, ila inakutoza muda. Inakupa mstatili kwa sekunde moja, na inakudai nusu saa kwa kushindwa kumoja. Ndiyo maana miradi mingi ya wanafunzi ina njia nzuri peke yake. Mhadhiri anayetaka kulirekebisha hilo anaweza kuliandika kwenye mwongozo wa alama: kila kazi ya mtumiaji iwe na angalau hali moja ya kusubiri, moja ya kosa na moja ya kurudi nyuma.

Siku ya jaribio

Mambo matatu huharibu jaribio la Figma, na yote yanazuilika. La kwanza ni ruhusa ya kiungo. Kikibaki kwa walioalikwa tu, mshiriki ataombwa kuingia kwenye akaunti ambayo hana. Weka kila mwenye kiungo aweze kutazama, kisha ukifungue kwenye simu nyingine kuhakikisha. La pili ni vidokezo vya bluu: mshiriki akigusa mahali pasipo na kiungo, Figma humulika sehemu zote zinazobonyezeka. Yaani inamnong'oneza majibu ya mtihani. Zima kidokezo hicho kwenye mipangilio ya onyesho kabla ya mtu wa kwanza. La tatu ni masalia: vigeu hubaki na thamani ya mshiriki aliyepita mpaka uanze upya. Kwenye kompyuta ni herufi R. Kwenye simu anzisha upya onyesho, kila mtu, kila mara.

Simu tumia ya kweli. Kuna apu ya Figma ya Android na iOS inayoakisi fremu unayoichagua kwenye kompyuta, na inaonyesha mara moja kama kitufe kiko mbali na kidole gumba. Prototaipu hupakuliwa kwanza kabla ya kuanza, kwa hiyo ifungue mapema ukiwa kwenye WiFi badala ya kumfanya mshiriki atazame mstari wa upakiaji.

Namna ya kutoa kazi ina uzito kuliko apu yenyewe. Ukimwambia mshiriki "bonyeza Tuma pesa", umempima kusoma. Mwambie: "Dada yako yuko Morogoro, anahitaji elfu ishirini ya dawa." Kisha nyamaza. Akikuuliza "nibonyeze hapa?", mrudishie swali: "Wewe unaona itafanya nini?"

Watu watano ni idadi inayotajwa darasani, na chanzo chake ni hesabu ya Nielsen na Landauer ya mwaka 1993: mtu mmoja kwa wastani hufichua kama asilimia 31 ya matatizo, na watano hufikia karibu asilimia 85. Inasahaulika kwamba watano hao ni wa aina moja. Wanafunzi watano wenzako wa hosteli hawakuambii lolote kuhusu mama lishe au wakala. Aina mbili za watumiaji, makundi mawili. Mwishoni wape maswali 10 ya SUS, kipimo cha urahisi wa matumizi alichokitunga John Brooke mwaka 1986, kila jibu likiwa namba 1 hadi 5, ila yatafsiri kwa makini na uyasome kwa sauti kwa asiyependa kusoma. Namba za witiri toa 1 kutoka kwenye jibu, za shufwa toa jibu kutoka 5, jumlisha, zidisha kwa 2.5. Takribani 68 ndiyo wastani. Kwa watu watano namba hiyo ni dira tu. Usiipambe kwenye ripoti kama ushahidi.

Kazi ya kikundi, na pale ambapo Figma haihitajiki

Watu watano wanaweza kuchora faili moja kwa wakati mmoja, ncha zao zikionekana zikitembea. Wawili wakigusa sifa ileile ya kitu kilekile, badiliko la mwisho ndilo hubaki, bila onyo. Gawaneni kurasa, na mtu mmoja tu awe mlinzi wa ukurasa wa komponenti. Kila kikao kikiisha hifadhini toleo lenye jina (Ctrl, Alt na S): "baada ya jaribio 1", na si "mwisho kabisa 3".

Lipo eneo ambalo Figma haifai. Mtu wa kitochi hatawahi kuiona fremu yako ya 360 kwa 800. Yeye anapiga *150*00# au *334# na kusoma menyu. Ujumbe mmoja wa USSD unabeba herufi 182, nafasi na namba zikiwemo. Kuchora hilo kwenye Figma ni kupoteza jioni. Fungua lahajedwali, safu ya kwanza namba ya skrini, ya pili maandishi yote, ya tatu =LEN(B2), ya nne jibu linampeleka wapi. Zikizidi 182 umekwama hapo hapo na itabidi upunguze machaguo. Jaribio lake ni la mdomo: soma menyu, mshiriki ataje namba. Kiswahili kirefu kinakufundisha nidhamu ya maneno hapa kuliko popote, na tungependa kila kozi ianze na zoezi hili kabla ya apu yoyote.

Mbadala wa kweli kwa maabara ni Penpot. Ni chanzo huria, inaendeshwa kwenye kivinjari, na chuo kinaweza kuiweka kwenye seva yake kwa Docker (chombo cha kusakinisha programu kwenye seva), wanafunzi wakaitumia kwa mtandao wa ndani hata intaneti ikikatika. Ina mitiririko, vidirisha vinavyofunika skrini na mwendo wa skrini. Masharti na vigeu vya kujenga vitufe vile vya kiasi haina, kwa hiyo kwa wanaoanza inatosha, kwa mradi wa mwisho inabana. Axure na ProtoPie, programu nyingine za prototaipu, hupokea maandishi ya kweli, ila zina uzito wa kujifunza ambao muhula mmoja haubebi.

Jambo la mwisho ni kuhifadhi. InVision, programu ya prototaipu iliyokuwa ikifundishwa kila mahali, ilifunga huduma zake mwishoni mwa 2024. Adobe ilitangaza Septemba 2022 kuinunua Figma kwa dola bilioni 20 na mpango ukafutwa Desemba 2023. Adobe XD, programu ya Adobe ya kazi hiyohiyo, nayo imebaki kwenye matengenezo tu. Kwa hiyo usiwasilishe kiungo peke yake. Weka faili la .fig, weka PDF ya fremu zote, na kwa kuwa PDF haibebi subira wala vigeu, rekodi skrini ya simu kwa dakika tatu ukipitia njia nzuri mara moja na njia ya mtandao uliokatika mara moja. Vipe majina yenye namba ya usajili, na kiungo kiache wazi mpaka matokeo yatoke.